Kimya cha Wawili: Mtafiti Ugenini na Msimamizi Wake

Watu wazungumzapo taabu za kijana wa Afrika ya Mashariki aendaye Uingereza kutafuta shahada ya uzamivu, aghalabu hutaja baridi, upweke, chakula kisichokolea, na fedha za ufadhili zinazochelewa. Na kweli hizo ni taabu, wala sitaki kuzidunisha, kwa kuwa nimewaona watu wazima, wenye vyeo na familia zao, wakikosa usingizi kwa ajili ya kodi ya chumba. Lakini taabu hizo zina unafuu mmoja, nao ni kwamba zinaonekana: mwenye baridi hununua koti, na aliyeishiwa hujulikana kuwa ameishiwa, akaandikiwa barua kwa wafadhili wake. Iko taabu nyingine isiyoonekana, ambayo katika yote yanayomkabili mtafiti ugenini mimi naihesabu kuwa ndiyo nzito kupita zote, nayo ni ile izaliwayo chumbani mwa msimamizi wake, pale watu wawili wenye nia njema wanapokaa uso kwa uso, kila mmoja amebeba moyoni sheria za ualimu na uanafunzi alizolelewa nazo, na hapana hata mmoja anayezitamka, kwa kudhani kwamba mwenziwe anazijua.

Yafaa kwanza kuueleza utaratibu wenyewe, kwa sababu wengi huuingia bila ya kuujua. Shahada ya uzamivu si ya kale sana katika Uingereza kama watu wanavyodhani. Wajerumani walikuwa nayo zamani, Wamarekani wakaichukua kwao, na Chuo Kikuu cha Yale kikaitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1861, ilhali Oxford hawakuikubali mpaka mwaka 1917, katikati ya vita vikuu. Wamarekani waliitangulizia masomo ya darasani na mitihani, kisha wakamweka mwanafunzi chini ya kamati ya walimu kadhaa. Waingereza wao waliacha shauri liwe baina ya mwanafunzi na mwalimu mmoja, ambaye siku hizi huongezewa msaidizi, na wakamtia mwanafunzi katika utafiti wake tangu siku za mwanzo. Kwa hiyo miaka mitatu au minne ya umri wa mtu, na pengine mustakabali wote wa kazi yake, hutegemea mazungumzo ya saa moja yanayofanyika takriban mara moja kwa mwezi. Kanuni za vyuo husema kwamba kazi ni ya mwanafunzi, na msimamizi ni mshauri tu: mwanafunzi ndiye aombe miadi, ndiye alete mambo ya kuzungumzwa, ndiye aandike baada ya kikao yale yaliyoafikiwa, na ndiye aseme akikwama. Hayo yote yamo katika kijitabu anachopewa mgeni juma la kwanza, ambacho, kwa wingi wa makaratasi ya juma lile, husomwa kwa haraka na kuwekwa kando.

Sasa mtazame huyo anayekuja kukaa mbele ya mshauri. Elimu ya pwani yetu imesimama juu ya darsa: mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh, kitabu kikasomwa mstari baada ya mstari, na sheikh ndiye ajuaye mwanafunzi amefika wapi, lini aongezewe kitabu kingine, na lini apewe ijaza ya kukisomesha kile alichokisoma. Wanafunzi wa namna hiyo nao walisafiri mbali kutafuta elimu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925 baada ya kushika ukadhi kwa miaka mingi, alifika Hadhramaut na Istanbul akichukua elimu kwa masheikh wa huko. Lakini msafiri wa aina yake alikuta kule aendako adabu ileile aliyoiacha nyuma yake, kwani ima Tarim, ima Makka, ima Unguja, mwanafunzi alinyamaza ili asikie, na mwalimu akakiona kimya kile kuwa ni dalili ya akili iliyotulia. Hata yule asiyepita madrasa, aliyesoma shule za serikali na kisha Dar es Salaam, Nairobi au Makerere, amelelewa katika taadhima hiyohiyo, ambapo mwalimu huitwa Mwalimu au Profesa hata akikutwa sokoni, na ambapo kumpinga hadharani ni utovu wa adabu unaosimuliwa kwa muda mrefu.

Basi mchukulie mhadhiri msaidizi wa miaka 35 kutoka mojawapo ya vyuo vyetu, mtu aliyekwisha kusomesha mamia ya wanafunzi, anayeingia ofisini kwa msimamizi wake katika mji wa kaskazini mwa Uingereza mwezi wa Oktoba. Msimamizi anampa mkono, anamwambia amwite kwa jina lake la kwanza, anamuuliza safari ilikuwaje, anamtajia vitabu viwili vitatu, kisha anamwambia: nitafute ukihitaji. Kwa msimamizi, neno hilo ni ukarimu, maana amemfungulia mgeni mlango na kumheshimu kama mtafiti mwenziwe. Kwa mgeni, neno hilo ni namna ya kuagana. Yeye anajua kwamba mkubwa akikuhitaji atakuita, na kwamba kumwendea mtu mzito mara kwa mara na maswali madogo ni kumsumbua na kujidhalilisha. Anakwenda maktaba, anasoma kwa bidii ya kweli, na anangoja kuitwa. Oktoba inakwisha, Novemba inakwisha, na huku msimamizi, ambaye naye anangoja kutafutwa, anasema nafsini mwake kwamba mwanafunzi huyu ana utulivu, bila shaka kazi yake inakwenda vizuri. Ikifika tathmini ya mwisho wa mwaka wa kwanza, ambayo ndiyo huamua kama mtu ataendelea na uzamivu au atateremshwa, wawili hawa wanagundua kwamba wamepoteza miezi isiyorudi, na kila mmoja anaona kosa ni la mwenziwe.

Hata wanapoonana, tatizo haliishi. Chukua sura ya kwanza iliyorudishwa na msimamizi, uzisome alama zilizoandikwa pembeni. Penye aya ya pili pameandikwa: hapa panavutia. Chini yake: pengine ungependa kulifikiria tena jambo hili. Ukurasa wa tisa: nilipata taabu kidogo kuifuata hoja. Na mwisho kabisa: mwanzo mzuri. Mwanafunzi huyo, ambaye kabla ya kupewa nafasi alitakiwa apate alama 6.5 au 7 kati ya 9 katika mtihani wa Kiingereza, anayaelewa maneno hayo yote moja moja, na anarudi chumbani akiwa na furaha, akarekebisha tahajia na kupeleka tena sura ileile. Mwingereza mwenziwe angalisoma maneno hayohayo kwa jasho, maana amezaliwa katika desturi ambayo huuficha ukali ndani ya upole, na anajua kwamba kuambiwa pengine ungependa kulifikiria tena maana yake ni kwamba jambo halifai na sharti lifanywe upya, na kwamba taabu kidogo ya kuifuata hoja maana yake hoja haipo. Hakuna mtihani wa lugha unaopima jambo hili. Nalo hutokea upande wa pili vilevile: msimamizi huuliza, umeelewa? na mwanafunzi hujibu, ndiyo, nimeelewa. Jibu hilo kwetu ni heshima anayopewa mwulizaji, na kwa Mwingereza ni taarifa ya ukweli anayoiweka katika kumbukumbu.

Kisha kuna dai la kuhakiki. Mwanafunzi huambiwa kwamba sura yake imejaa maelezo ya waliotangulia na haina sauti yake mwenyewe, na kwamba awapime wataalamu hao, aseme wapi wamekosea. Na mmoja wa wataalamu hao ni msimamizi huyohuyo, ambaye kitabu chake kimesomwa miaka ishirini katika vyuo vyetu kama neno la mwisho. Wako wanaodhani kwamba mwanafunzi wetu hawezi kuhakiki, na hiyo ni dhana ya uvivu. Mtu aliyekulia katika jamii ya malumbano ya mashairi, ambapo fundi mmoja humjibu mwenziwe kwa vina na mizani na kumwangusha hoja kwa hoja, hawezi kuambiwa kwamba hajui kupinga. Analolikosa ni idhini, maana hakuna aliyemwambia waziwazi kwamba katika chumba hiki kumpinga mwalimu hakumvunjii mwalimu heshima, na kwamba asipompinga ndipo atakapohesabiwa kuwa hakufanya kazi.

Mambo haya si mageni. Jomo Kenyatta alipokuwa London katika miaka ya 1930, alikaa katika semina ya Bronisław Malinowski katika Chuo cha Uchumi cha London, akaandika juu ya watu wake Wagikuyu kitabu kilichotoka mwaka 1938 kikiwa na dibaji ya mwalimu wake. Na katika miaka hiyohiyo, katika chuo jirani, alikuwa mtoa habari wa Lilias Armstrong, bingwa wa fonetiki aliyekuwa akichunguza sauti za Kigikuyu. Mtu mmoja alikuwa mtafiti katika nyumba moja na kitu cha kutafitiwa katika nyumba ya pili. Nalitaja jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi wa leo hulikuta katika chumba kimoja: msimamizi asiyepata kufika Pemba wala Kigoma hutumia saa ya usimamizi kuuliza habari za nchi, na mwanafunzi, kwa furaha ya kuwa mwenye kujua, hueleza na kueleza, hata saa ikaisha bila ya tasnifu yake kuguswa.

Okot p'Bitek wa Uganda alifika Uingereza mwaka 1956 pamoja na timu ya taifa ya kandanda, akabaki, akasoma ualimu Bristol na sheria Aberystwyth, kisha akaingia Oxford kusoma anthropolojia. Ameandika mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dini za Kiafrika katika maandishi ya wataalamu wa Magharibi, jinsi alivyomsikia mhadhiri mwaka 1960 akiwaita Waafrika na watu wengine wasio wa Ulaya washenzi, na jinsi alivyopinga bila ya kusikilizwa. Tasnifu yake ya uzamivu haikukubaliwa Oxford. Utafiti wake juu ya dini ya Waluo wa kati ulitoka Nairobi kuwa kitabu mwaka 1971, na ungali unasomwa. Naye Ngũgĩ wa Thiong'o alikwenda Leeds mwaka 1964 kutafiti fasihi ya visiwa vya Karibi, akarudi mwaka 1967 bila ya kuimaliza tasnifu, lakini akiwa na riwaya iliyokwisha kuchapwa. Watu hawa hawakukosa akili wala bidii, na historia imekwisha kuwahukumu kwa kazi zao. Ila majina makubwa hutuliza moyo kwa njia ya hatari, maana nyuma yao wako wengi waliorudi bila ya shahada na bila ya kitabu, ambao hakuna mwandishi atakayewataja.

Taabu hugeuka sura mwanafunzi anaporudi nyumbani kukusanya habari. Msimamizi hudhani kwamba mtu wa nchi hana la kuomba katika nchi yake, kumbe Tanzania ina tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ambayo husimamia vibali vya utafiti, Zanzibar ina utaratibu wake mbali, na Kenya ina NACOSTI chini ya sheria ya mwaka 2013. Na ofisi hizo huenda kwa kalenda zao, si kwa kalenda ya muhula wa Kiingereza. Halafu yako maadili ya utafiti. Kamati ya chuo huidhinisha fomu ya ridhaa, yenye kurasa mbili tatu na mahali pa kutia saini, na mtafiti huichukua mpaka kisiwani Kojani, Pemba, akaketi barazani na mzee mvuvi ambaye amekwisha kumkaribisha, amekwisha kumuuliza ni mtoto wa nani, na amekwisha kusema atamweleza habari za dago, yaani kambi za wavuvi, na misimu ya samaki. Ndipo fomu inapotolewa mkobani. Mzee anaigeuza huku na huku, anauliza kwa nini neno lake halitoshi, na anakumbuka kwamba karatasi za kutia dole gumba alizowahi kuletewa zilihusu kodi, mashamba na kesi. Anainuka kwa adabu na kusema ana kazi pwani. Kamati nyingi za vyuo hukubali ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, endapo sababu imeelezwa mapema. Lakini mwanafunzi hakujua kwamba jambo hilo huombwa, na msimamizi hakujua kwamba lilihitajiwa, na neno moja la mmoja wao kabla ya safari lingaliwaokoa wote wawili, na mzee pia.

Nimesema neno moja, na hapa lazima niseme bei ya kulikosa neno hilo, kwa sababu haiwi sawa kwa wote. Tangu mwaka 1980 wanafunzi wapya kutoka ng'ambo hutozwa na vyuo vya Uingereza gharama kamili ya masomo, ambayo hupita mara nyingi ile anayotozwa mwenyeji. Tangu mwaka 2009 chuo kinachompokea mgeni ni mdhamini mwenye leseni, anayewajibika kuiarifu serikali mwanafunzi asipoonekana. Na mwezi wa Agosti mwaka 2012 Chuo Kikuu cha London Metropolitan kilipopokonywa leseni hiyo, zaidi ya wanafunzi 2,000 wa kigeni walikuta mustakabali wao umetundikwa hewani, wakiambiwa watafute mdhamini mwingine ama waondoke. Tangu Februari mwaka 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza kwa ajili ya huduma ya afya, na watafiti, ambao wangali wanaruhusiwa kuja na mke au mume na watoto, huwalipia na hao. Mwenyeji akipoteza muhula mmoja kwa kutoelewana na msimamizi wake, hujuta na kuendelea. Mgeni akiupoteza, ufadhili hukoma mwaka wa tatu kama ulivyoandikwa, viza hudai ada mpya, na mwajiri aliyempa ruhusa nyumbani huanza kuandika barua. Ndiyo maana nakataa hoja ya wale wasemao kwamba mtafiti ni mtu mzima, na aachwe ajifunze kwa makosa yake.

Wala sitaki msimamizi aonekane kuwa dhalimu. Wengi wao niliowajua wametoa usiku wao kusoma sura mbaya kwa uvumilivu mkubwa. Lakini chuo kinachomwajiri humpima kwa mambo mengine: serikali ya Uingereza hukagua utafiti wa vyuo vyote, kama ilivyofanya mwaka 2014 na 2021, na fedha hufuata makala na vitabu, ilhali saa aliyoitumia kumweleza mgeni maana ya alama za pembeni haina safu yake katika hesabu hizo. Naye huchukua likizo ya utafiti, huhamia chuo kingine, hustaafu, na mwanafunzi huachiwa mtu ambaye fani yake ni jirani tu ya ile ya mwanafunzi. Hapo utaratibu unamruhusu mwanafunzi kumwendea mkuu wa masomo ya uzamili na kuomba msimamizi afaaye. Ila ni wachache wetu wafanyao hivyo, kwani kwa walio wengi ni kumshtaki mwalimu, na wamefundishwa kwamba radhi ya mwalimu ni sehemu ya elimu. Ningependa waelezwe mapema na watu wao wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, kwamba ombi hilo si mashtaka. Wanafunzi wenyeji nao huleta ombi la namna hiyo, na aghalabu hakuna kinyongo.

Mwisho huja mtihani wa mdomo, ambao kwa Waingereza hufanyika faraghani mbele ya watahini wawili, mmoja wa chuo hicho na mmoja wa nje, na msimamizi si mtahini. Mwanafunzi akiridhia, msimamizi huweza kuketi chumbani, lakini bila ya kusema. Yule aliyetarajia kwamba mwalimu wake atasimama naye hushtuka kumwona amekaa kimya penye swali gumu. Hata akifaulu, aghalabu hupewa marekebisho, kwa kawaida ya miezi mitatu, na wengi huyafanya wakiwa wamekwisha kurudi, katikati ya mzigo kamili wa vipindi.

Katika njia zilizojaribiwa kupunguza haya, ninayoipa imani zaidi ni ile ya Waswidi, ambao walianza kusaidia utafiti katika Tanzania mwaka 1977, na ambayo wenyewe huiita sandwichi: mtafiti hubaki mwajiriwa wa chuo chake, hufanya utafiti nyumbani, huenda Uswidi kwa miezi kadhaa na kurudi, na huwa na wasimamizi wawili, mmoja huku na mmoja huko. Huyu wa huku anajua COSTECH na anajua baraza la Kojani; yule wa huko anajua watahini wanataka nini. Njia hii nayo ina tatizo lake, maana wasimamizi wawili wasipoonana, mwanafunzi hugeuka kuwa tarishi, akipeleka sura moja kwa mabwana wawili na kuletewa amri mbili zisizopatana, na asithubutu kumwambia yeyote kati yao kwamba mwenziwe amesema kinyume. Chuo kinachompeleka mhadhiri wake ng'ambo, iwe Uswidi, Uingereza au Ujerumani, kingeweza kuwataka mwanafunzi na wasimamizi wake wawili wazungumze kabla ya tiketi ya kwanza kukatwa, na waandike kurasa mbili: nani atasoma sura zipi, sura itakaa kwake siku ngapi, wataonana mara ngapi na nani ataanza kumtafuta mwenziwe, alama gani ya pembeni ni amri na ipi ni pendekezo, kibali cha utafiti kitaombwa mwezi gani, na mwanafunzi akwamapo amwandikie nani, kisha nakala moja ibaki kwa mkuu wa idara nyumbani, aitoe kila baada ya miezi sita na kuwauliza wote watatu kama mambo yangali hivyo.